Type O Negative na "October Rust": albamu nyeusi isiyochuja

#1 Kijivu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Ni uzi wa kuandikwa usiku, na usiku mimi huwa nasikiliza, siandiki. Leo nimejilazimisha.

Mara ya kwanza kuisikiliza "October Rust" nilidhani hedifoni zangu zimekufa. Nimebonyeza, kikaanza kitu kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Zzzzzz. Basi. Nikauchezea waya. Nikauchomoa, nikapuliza tundu, nikarudisha. Zzzzzz. Nikaukunja pale shingoni kwenye plagi, pale panapokatikaga siku zote, nikaushikilia kwa vidole viwili kama daktari anayepima mapigo ya moyo, sipumui. Ghafla mngurumo ukakatika, nikasikia wanaume wanachekacheka. Wakajitambulisha mmoja mmoja, wakashukuru kwa kununua kazi yao. Nikaangalia orodha ya nyimbo: ule mngurumo ni wimbo kabisa, una jina, "Bad Ground", sekunde 38. Mafundi umeme wangesema ethi mbovu. Jamaa walikaa studio, wakarekodi hitilafu, wakaiweka namba moja ili mimi nihangaike na waya.

Nikacheka peke yangu gizani. Na kabla sijamaliza kucheka, kinanda kikaingia.

Hapo ndipo waliponikamata, na hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Albamu nyingi za metali ya gothiki, yaani roki nzito yenye giza, zinafungua kwa kukutisha. Kengele ya kanisa, radi, mvua, mbwa mwitu kwa mbali, kwaya ya watawa. Unajua kabisa unatishwa, kwa hiyo unakaza. Hawa wamekuchekesha kwanza. Umeshalegea, umeshawaona ni watu wa kawaida wanaojua kutania, halafu ndipo "Love You to Death" inaanza, na huna tena kinga yoyote.

Kwa wageni wa jambo hili: Type O Negative ni bendi ya Brooklyn, New York. Peter Steele alipiga besi na kuimba, Josh Silver vinanda, Kenny Hickey gitaa, Johnny Kelly ngoma. "October Rust" ilitoka tarehe 20 Agosti 1996 chini ya lebo ya Roadrunner, miaka mitatu baada ya "Bloody Kisses" iliyowatoa. Steele na Silver ndio waliokaa kwenye kiti cha prodyuza. Ina dakika kama 72. Ndiyo, 72. Najua kuna watu watalalamikia hilo, subirini zamu yenu.

Sasa Steele. Mtu huyu alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili. Kabla ya hapo alikuwa na bendi ya Carnivore, muziki wa kasi na matusi, vita na mabomu. Ukimwona jukwaani na besi inayoning'inia kwa mnyororo unategemea atafungua kinywa itoke ngurumo. Anafungua kinywa, anaimba chinichini, kama mtu anayeongea na mto kitandani. Sauti inatoka tumboni, nzito, imetulia, haina haraka hata kidogo.

Sikilizeni "Love You to Death" kuanzia mwanzo. Kinanda peke yake, noti chache, kila moja inaachwa ife yenyewe kabla ya nyingine. Gitaa likiingia linaingia kama ukungu, halina makali. Ubeti unarudi kimya, anamsifia mwanamke: nguo, nywele, mishumaa, ile hali yote ya riwaya ya usiku. Wimbo unapanda, unashuka, unapanda. Dakika saba. Na mwishoni kabisa, baada ya majigambo yote ya mapenzi, jitu hili la mita mbili linamalizia kwa kumuuliza mpenzi wake kama linamtosha. Swali. Anauliza zaidi ya mara moja, na hajibiwi na mtu.

Mimi hapo huwa nasimamisha ninachofanya. Nimeshaisikia mara zisizohesabika na bado nasimama.

Wengi wanaona kivutio cha muziki wa aina hii ni huzuni. Mtu ana huzuni, anatafuta muziki wa huzuni, kwisha. Sikubaliani. Mwenye huzuni kweli mara nyingi hataki hata kusikia redio. Ninachokipata hapa ni giza lenye joto, kama lile la kujifunika shuka gubigubi ukiwa mtoto: hujalala, huogopi, unasikia pumzi yako tu na dunia imebaki nje ya shuka. Hata jina la albamu linasema hivyo. Kutu ya Oktoba, yaani rangi ya majani yanayopukutika kule kaskazini mwa dunia mwezi huo. Kila kitu kinakufa, na kinakufa kikiwa kizuri kuliko kilivyokuwa kibichi.

Na si mapambo matupu. Kuna wimbo "Green Man". Ukiusikia bila habari utadhani ni masimulizi ya miungu ya msituni, na kweli hiyo imo. Lakini Steele kabla ya kuishi kwa muziki alikuwa mfanyakazi wa idara ya bustani za jiji la New York, anavaa sare ya kijani, anatunza bustani. Mtu wa kijani ni yeye. Ukishajua hivyo, ule wimbo wa misimu, jua linalorudi na majani yanayoanguka unakuwa pia wimbo wa mtu wa ufagio anayeyaona majani hayo kila siku kwa sababu ni kazi yake kuyazoa.

Nimesema sana. Tiririkeni. Nani mwingine anaipenda, na kwa nini? Na anayeichukia naye aseme, ila kwa hoja.

#2 Popo Mstaafu

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mleta mada umenirudisha mbali.

#3 Nyuzinne

Mkuu umeupiga mwingi, ila besi umeipita kama umeona mdeni wako. Niruhusu nishushe nondo kidogo, mimi ni mtu wa nyuzi ndani ya uzi.

Besi ya kawaida uzi wake mzito unaitwa E, unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Hawa jamaa walishusha vyombo vyote mpaka uzi huo ukawa B, kama mitetemo 31. Sikio la binadamu linaanza kupoteza habari kwenye 20 hivi, kwa hiyo mpo jirani kabisa na mahali ambapo muziki unaacha kusikika na kuanza kuhisika kwenye mbavu. Ndiyo maana anayesikiliza kwa spika ya simu hajaisikia albamu hii. Kile kispika hakiwezi. Kinakupa vivuli vya juu tu vya noti na ubongo wako unajaziajazia.

Shida ya kushusha uzi ni kwamba unalegea. Nilijaribu kwenye besi yangu na nyuzi zilezile za kawaida: ukipiga, uzi unapigapiga shingo ya gitaa kama kamba ya nguo kwenye upepo. Ikabidi nitafute nyuzi nene. Na hata ukipata nene, noti ya chini namna hiyo inachukua muda kujitokeza na muda kutulia. Ukiikimbiza inageuka uji. Kwa hiyo ule mwendo wa pole, ambao watu wanadhani ni mkao wa huzuni, kwa sehemu ni fizikia. Uzi wenyewe unakwambia usiniharakishe.

Halafu Steele hakuiacha besi chini kama wengine. Aliipaka mkwaruzo, akaitia na ule mtikisiko unaofanya sauti moja isikike kama ni mbili zinazokaribia kulingana. Besi ikapanda mpaka eneo la gitaa. Hickey akabaki huru kucheza juu, na Silver akamwaga vinanda katikati. Ndiyo huo ukungu unaousikia: vyombo vitatu vimekaa kwenye kiti kimoja na hakuna anayesukumwa.

Kushusha nyuzi asili yake ni mbali. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, akalegeza nyuzi zisimuumize, na kufikia "Master of Reality" ya 1971 bendi nzima ilikuwa imeshuka nusu-hatua tatu (nusu-hatua ni ile ngazi ndogo kabisa kati ya noti na noti). Type O wameshuka tano. Ajali ya kiwandani ikazaa sauti ambayo watu wengine wanaishi ndani yake mpaka leo.

#4 Chuma Tupu

Nimesoma yote. Nikiri kwanza kwamba mnaandika vizuri.

Sasa hoja: ngoma. Hizo si ngoma, ni mashine ya kushonea. Kila kipigo kina uzito uleule, mahali palepale, mwangwi uleule. Nawapa wimbo wowote katika albamu hiyo, sikilizeni ngoma ndogo peke yake kwa dakika mbili. Hakuna mkono pale. Johnny Kelly ameandikwa kama mpiga ngoma lakini inafahamika kuwa zilipangwa kwenye mashine. Mimi napenda metali kwa sababu ya jasho. Ukiniondolea jasho umeniachia manukato.

Na kuhusu joto la shuka: dakika 72 chini ya shuka mtu anakosa hewa.

#5 Kijivu (mleta mada)

Chuma Tupu, hapa umenipata nusu. Ni kweli ni za mashine na ni kweli zinasikika hivyo. Sitakudanganya kwamba ni siri ya ufundi.

Ila angalia ukoo wa muziki huu. Una wazazi wawili. Mmoja ni metali ya polepole, Sabbath na watoto wake. Mwingine ni roki ya gothiki ya Uingereza ya miaka ya 1980, na huko mashine ya ngoma ni mwanafamilia. The Sisters of Mercy wa Leeds walikuwa na mashine wakaipa jina la mtu, Doktor Avalanche, wakaihesabu kama mpiga ngoma wa bendi. Walitaka ule ubaridi. Kitu kisichochoka na kisichokuhurumia kinaendelea kupiga, na juu yake mtu anaimba kwa hisia. Ukimweka mpiga ngoma mwenye hasira chini ya sauti ya Steele utapata wimbo mzuri tu, ila watakuwa wawili wanaogombea kukuonyesha moyo wao.

Jasho lipo kwenye "Slow, Deep and Hard" ya 1991. Huko wanapiga kelele mpaka shingo inauma. Hii walikuja kufanya kitu kingine.

Kuhusu hewa chini ya shuka, nacheka, sina jibu.

#6 Shada la Usiku

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa nyuzi wala mashine, nitasema langu.

Hakuna aliyetaja "Red Water". Kwangu albamu yote ni huo na mingine ni njia ya kwenda na kurudi. Ni wimbo wa Krismasi ulioandikwa na mtu aliyefiwa. Kuna sehemu anahesabu viti mezani: mwaka huu wameandaliwa watu saba, mwaka jana walikula kumi na mmoja. Haelezi walikufaje. Hasemi anajisikiaje. Anahesabu tu.

Nilifiwa na baba. Sikukuu ya kwanza baada ya hapo mama aliandaa meza akatoa sahani, akazihesabu, akarudisha moja kabatini. Hakusema kitu. Mlango wa kabati ule una kawaida ya kugoma, lazima uusukume kwa goti, na siku ile aliusukuma taratibu sana usilie. Sote tulikuwa tunamwona na sote tukajifanya tunatafuta vijiko.

Miaka ikapita ndipo nikakutana na wimbo huu. Ilipofika ile hesabu ya watu saba na kumi na mmoja nikatoka nje. Sikulia, nilitoka tu. Nilishazoea nyimbo za msiba zinazonieleza kwamba marehemu yuko mahali pazuri, au zinaniambia nijikaze. Huyu hakuniambia chochote. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, naye anahesabu.

Kwa hiyo mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu joto, ila usiwe mwepesi kusema mwenye huzuni kweli hataki muziki. Wengine tunautaka, tena mzito. Tunachokimbia ni muziki unaotuharakisha tupone.

#7 Kijivu (mleta mada)

Dada Shada, pole sana. Nafuta ile sentensi yangu. Nimeandika kama mjuaji.

#8 Mlinzi wa Zamu

Mnajua mnachokisikiliza lakini? Jina tu la aina ya muziki linatosha. Miungu ya msituni, mvinyo, mbwa mwitu, damu. Halafu mnashangaa mnaota ndoto mbaya. Nimepita tu.

#9 Popo Mstaafu

Mzee wangu karibu, usipite, kaa kidogo. Kahawa ipo.

Mimi naisikiliza hii tangu ndevu zangu hazijaanza mvi na ndoto mbaya pekee ninayoota ni ya kuchelewa kazini. Steele alilelewa Mkatoliki, akatangatanga huko katikati, na miaka yake ya mwisho alisema wazi amerudi kwenye imani hiyo. Alifariki tarehe 14 Aprili 2010, ana miaka 48. Bacchus unayemkuta humo ni mungu wa mvinyo wa Warumi, na ukiufuatilia wimbo vizuri utaona jamaa anazungumzia mapenzi na kilevi zaidi ya ibada. Mbwa mwitu ndiyo usiulize anazungumzia nini, humu kuna watu wa heshima.

Hawa walikuwa watani kuliko walivyokuwa wachawi. Walikuwa wanajiita "the Drab Four", wanne waliopauka, kuwatania The Beatles waliokuwa wanaitwa "the Fab Four". Na si utani mtupu, ukiondoa kutu utawasikia Beatles humo ndani: zile sauti za kuitikia kwa nyuma, ule utamu wa kiitikio. "My Girlfriend's Girlfriend" ukiipigia kinanda cha harusi watu watacheza na hakuna atakayeuliza dini yake.

#10 Nyuzinne

Popo, hapo kwenye Beatles nakazia kwa nyundo. Watu wanatafuta siri ya hii albamu kwenye uzito, wakati imejificha kwenye utamu. Ondoa mkwaruzo, ondoa mwangwi, chukua gitaa kavu: zinabaki nyimbo za kupiga mluzi. Bendi nyingi zilizoiga zilichukua giza zikasahau melodi, ndiyo maana ukimaliza kuzisikiliza hukumbuki kitu zaidi ya kwamba kulikuwa na giza.

#11 Mgeni07

wakuu nimeitafuta nimeipata ila faili limeharibika, wimbo wa kwanza unaunguruma tu kama friji. kuna mwenye nakala nzima?

#12 Popo Mstaafu

😂😂😂 Soma namba moja mwanangu. Soma taratibu. Usiguse waya.

#13 Kijivu (mleta mada)

Miaka yote hii na bado inafanya kazi. Nina furaha kupita kiasi.

#14 Kabila la Ukungu

Nimechelewa uzi. Niongeze majirani wa albamu hii kwa atakayeimaliza akabaki na njaa, maana mmeiweka kama yatima.

Jina lenyewe la aina hii, metali ya gothiki, watu wengi hulirudisha kwa Paradise Lost wa Uingereza na albamu yao "Gothic" ya 1991. Humo mnamkuta mwanamume anayeunguruma na sauti ya mwanamke inayoelea juu yake. Leo ni jambo la kawaida, wakati ule lilikuwa geni masikioni. Ni kazi mbichi, imepauka, haina shuka la mleta mada. Mimi naipenda kwa ubichi huo.

Ile ya sauti mbili ikakomaa Norway. Theatre of Tragedy wa Stavanger walitoa albamu yao ya kwanza 1995, Raymond Rohonyi anaunguruma, Liv Kristine anaimba kama kioo, na mashairi yameandikwa kwa Kiingereza cha kale cha karne zilizopita. Baada yao kila mtaa wa Ulaya ukawa na bendi ya jitu na malaika. Nyingi zinachosha. Hawa hawachoshi.

Tiamat wa Sweden, "Wildhoney", 1994: hiyo ndiyo dada halisi ya "October Rust". Nyimbo zinaunganishwa, ndege wanalia, wadudu wanalia, unakuwa kama umelala kwenye nyasi ndefu na una homa. Na Moonspell wa Ureno, "Irreligious", 1996, mwaka uleule. Fernando Ribeiro naye ana sauti ya chini kama Steele ila huyu hakuulizi kama anakutosha, anakuarifu.

Tofauti kubwa ninayoiona: Wazungu wa Ulaya walipeleka giza kwenye makasri, makanisa na mashairi. Type O walilibeba giza hilohilo wakalileta kwenye bustani ya jiji, kwa mtu wa sare ya kijani, kwenye meza ya chakula yenye viti vitupu. Ndiyo maana Shada aliposema yake sikushangaa.

#15 Chuma Tupu

Nimerudi. Nimeisikiliza yote jana usiku kwa heshima ya dada Shada, taa zimezimwa, hedifoni nzuri za kuazima, besi inafika kwenye mbavu kama Nyuzinne alivyoahidi.

Malalamiko kwanza. "Cinnamon Girl" inafanya nini pale? Ni wimbo wa Neil Young wa 1969, wameushusha, wameupaka masizi, sawa, ni utani mzuri. Lakini umekaa katikati ya usingizi wangu kama mtu aliyewasha taa kuuliza chaja iko wapi. Halafu kinafuata kile kipande cha dakika moja chenye jina refu kuliko chenyewe, lile la Vinnland. Nimelisoma jina, nilipomaliza kipande kilikuwa kimeisha.

Ngoma bado ni mashine ya kushonea. Silegezi.

#16 Nyuzinne

"Cinnamon Girl" naitetea. Baada ya dakika hamsini hivi za ukungu sikio linazoea, linaacha kusikia. Lile gitaa la Young linalorudiarudia linakuchapa kidogo ili "Wolf Moon" ikukute macho. Weka wimbo mwingine wa pole pale na robo ya mwisho inakufa.

#17 Shada la Usiku

Mimi naurukaga. Samahanini.

#18 Kijivu (mleta mada)

Kumbe tunaouruka tupo wengi. Mimi huuruka siku za kazi, siku za mapumziko nauacha.

Chuma Tupu, umesema malalamiko kwanza. Ya pili ni yapi?

#19 Chuma Tupu

Ya pili ni "Haunted".

Dakika kumi. Nilikuwa nimeshajiandaa kuitafutia makosa, nimekaa na simu mkononi niandike dakika na sekunde. Ikaanza. Kile kinanda kinazunguka, kinarudi palepale, kinazunguka. Ngoma za mashine zikaingia, nikasema haya, zilezile. Kuna mahali, kama dakika ya saba, niligundua sizisikii tena. Zipo, zinapiga, ila zimekuwa kama saa ya ukutani chumbani usiku: mpaka mtu akukumbushe. Yeye anaimba juu kabisa ya hapo, polepole, kwa mtu ambaye hayupo.

Halafu wimbo ukaisha, nikakaa. Na yule jitu akarudi kwa sauti ya kawaida, akasema ndiyo hivyo, hawana zaidi ya hapo, anatumaini hawajatuangusha sana. Akaaga.

Nilimjibu, wakuu. Kwa sauti. Nimekaa gizani peke yangu na hedifoni za watu namjibu marehemu kwamba hapana, haikuwa mbaya.

Ngoma tu.

#20 Popo Mstaafu

Hizo hedifoni ulizoazima, mwenyewe anazitaka lini?

#21 Chuma Tupu

Ameshanipigia mara mbili. Nimemwambia kesho.